Majina ya Waliotoa Damu

Shieywe, Kakamega
Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani

Kwako Baba Mghoi,

Pokea salamu zangu, na zikukute juu ya cherehani yako, maana nakujua, hata Jumapili huachi kushona sare za watu. Hali yako? Kikohozi cha Mama kimepungua, au bado anajitibu kwa majani yake na kukataa kwenda hospitali? Mghoi ameota yale meno ya mbele? Na Mwakio, bado anakula udongo wa ukutani, au umemkomesha? Mimi nipo. Ninakula, ninalala, ninakwenda kazini. Nikisema mzima nitakuwa nakudanganya, na barua hii nimeikalia siku nyingi ili nisikudanganye.

Kwanza nikuombe jambo moja. Barua zangu wewe huzisoma kwa sauti, Mama akisikiliza jikoni na Mghoi amekukalia gotini. Hii usiisome hivyo. Kama umeshaanza, nyamaza hapo hapo, sema mwandiko wangu umekushinda, kisha utoke uende kule nyuma kwenye migomba ukaisome peke yako. Nenda, nakusubiri.

Haya. Mume wangu, kuna neno litakufikia juu yangu. Binamu yako Mwandoe, yule askari aliyehamishiwa huku, anakuja likizo mwisho wa mwezi, na neno hilo analo. Mdomo wa Mwandoe unaujua, haujawahi kubeba kitu ukakifikisha bila kukiongeza. Sasa naandika mbio ili ulisikie kwangu kabla yeye hajashuka hapo Voi na mabegi yake. Kazi yangu ikipotea, nitapata nyingine au nitauza nyanya. Ninachoogopa kupoteza ni wewe, na nyumba yetu, na wale watoto wawili. Ndiyo maana nitakueleza yote tangu mwanzo, usije ukasikia mwisho wake tu.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba ofisi yetu ya afya imeletewa kompyuta na wafadhili. Zilikuja tatu. Moja ikawekwa kwa Bwana Mkubwa, na mpaka leo imefunikwa kitambaa cha kufuma, huondolewa wageni wakija. Ya pili nilipewa mimi, ya kumbukumbu za wafanyakazi. Ya tatu ikapelekwa chumba cha damu, mahali wanapopima na kuweka damu ya kuongezea wagonjwa. Nilipopelekwa Nairobi kufundishwa, tuliambiwa mambo mawili tukayarudia kama watoto wa chekechea: kila mtu awe na neno lake la siri la kufungulia mashine, asimpe mwingine, na mambo ya ugonjwa wa mtu yaandikwe kwa namba, si kwa jina. Nikarudi nikawaeleza wenzangu kwenye mkutano. Walinisikiliza vizuri, wakapiga makofi, wakanywa chai.

Chumba cha damu walijaribu hizo namba. Siku moja mifuko miwili ikakaribia kubadilishana kwa sababu mtu alisoma sita akaandika tisa, na Bwana Mkubwa akakasirika kwelikweli. Akasema namba ni za wafungwa, binadamu ana jina aliloitwa na babu yake, na tangu leo yaandikwe majina. Siwezi kusema alikuwa na nia mbaya. Mfuko ule ungemuua mtu.

Na neno la siri la mashine ile ya damu lilikuwa jina la mtoto wa kwanza wa Bwana Mkubwa. Tulilijua wote, mpaka mama anayetupikia chai. Usicheke. Huku, Baba Mghoi, watu wanazikana vizuri sana. Mtu akifiwa ofisi nzima inakwenda matanga, siku mbili tatu, na kazi haiwezi kulala. Basi anayeondoka humwachia anayebaki neno lake la siri, kama vile unavyomwachia jirani ufunguo akuangalizie kuku. Kumnyima mwenzako neno hilo ni kama kumnyima chumvi. Mimi la kwangu sikumpa mtu, wakanibatiza Bibi Kufuli. Rafiki yangu Flora Ayuma, tunayekaa naye chumba kimoja cha kazi, alikuwa akinitania kila asubuhi: "Bibi Kufuli, umefungua? Ama leo tunalala nje?" Akanieleza siku moja, kwa upole, kwamba sisi watu wa upande wa pwani tuna siri nyingi. "Sisi hapa tunaachanga tu ufunguo kwa jirani," akasema. "Na jirani haibangi."

Ni kweli, haibi. Nimekaa nao mwaka wa pili sasa, sijapotezewa hata kijiko.

Nikuambie na hili. Mashine ya damu sikuwahi kuifungua hata mara moja. Neno lake nililijua kama nijuavyo jina la Mghoi, na mara ngapi nimebaki pale peke yangu mvua ikinyesha. Niliona mambo ya damu za watu si haki yangu kuyatazama. Nilijivunia hilo. Leo nikikumbuka nilivyojivunia, natamani kujipiga kofi.

Sasa sikiliza lilivyoanza. Tuna dereva wetu anaitwa Shitanda, mtu wa Navakholo, mkimya, ndiye aliyekuwa akinishusha hapa Shieywe mvua ikishika. Mkewe, Mama Nekesa, alijifungua akatokwa na damu nyingi. Hospitali ikasema damu haipo, tafuteni ndugu. Shitanda akaja ofisini mikono imelowa damu, akasimama mlangoni akatueleza. Tukaenda wote chumba cha damu. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza, na wewe unajua kwa nini. Nilipomzaa Mwakio niliongezwa damu ya watu nisiowajua mpaka leo, nikasema deni hilo halilipiki ila hivi. Nikatolewa, nikapewa soda na biskuti, nikarudi kazini. Hakuna aliyenifuata kuniambia chochote, na mimi sikuuliza.

Mama Nekesa alipona. Shitanda akatuletea jogoo, mama wa chai akampika, tukamla na obusuma, ugali wa huku, pale pale ofisini, hata Bwana Mkubwa alitoka akala kwa mkono. Hiyo ndiyo siku niliyokuandikia kwamba nimeanza kuzoea huku.

Halafu mvua za masika zikaja na malaria, na Mama Nekesa akafa kwa homa, kwa wiki moja tu. Mtoto bado yuko mgongoni kwa nyanya yake.

Huku mtu hazikwi bila programu. Ni lazima ichapwe: picha, wasifu wa marehemu, nyimbo, ratiba, nani atasema baada ya nani. Na kwa kuwa kompyuta mjini ni za kuhesabu, desturi ya ofisi yetu ni kwamba mfanyakazi akifiwa, programu inaandikwa kwetu bure. Kazi hiyo ni ya Flora. Anaifanya kwa moyo, na huwa analia akiandika hata kama marehemu hamjui. Siku hiyo Shitanda alikuja akakaa kwenye kiti changu, kofia mapajani. Nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu.

"Flora," akasema, "kwa karatasi ya mwisho uniwekee majina ya wale walimpatia damu. Nataka watu wa kwetu wawajue. Mutu akikupatia damu, huyo si mutu wa kando tena."

Flora akasema sawa. Nami nilisikia vizuri moyoni, Baba Mghoi. Nilifurahi kwamba jina langu litasomwa kwao, mimi mgeni.

Flora hakuanza kuandika majina upya, kwa nini ajisumbue na yameshaandikwa? Alikwenda kwenye mashine ya damu, akaingiza neno la siri la watu wote, akayapata majina yetu yamepangwa vizuri, akayahamishia kwenye disketi yenye programu. Kwenye kioo aliona jina la mtu, siku aliyotoa na kundi la damu yake. Basi. Kioo cha zile mashine ni chembamba, kinaonyesha kinachoenea tu. Kilichobaki upande wa kulia hukioni mpaka ubonyeze kitufe kusogea, na Flora hakuwa na sababu ya kusogea. Kwa kawaida tungechapa kwenye printa yetu na tungeona, lakini utepe wake wa wino ulikuwa umekauka tangu zamani, tunaomba mwingine Nairobi hatuletewi. Disketi ikapelekwa kwa mchapaji mmoja mjini. Yeye ana karatasi pana, zile za kukunja katikati. Kila kitu kilienea.

Mazishi yalikuwa Navakholo, Jumamosi, watu wamejaa mpaka kwenye miwa. Nilikaa na Flora mstari wa pili, nyuma ya wafiwa. Programu ziligawiwa zikaisha kabla ya kutufikia sisi, tukasema si kitu, tunaijua. Wasifu ukasomwa, kwaya ikaimba. Kisha mwendeshaji wa shughuli, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, akasema familia ina neno la shukrani kwa wale waliompa marehemu damu, na kwa ajili ya wazee wasioona vizuri atayasoma majina yeye mwenyewe, na kila anayetajwa asimame apigiwe makofi.

"Flora Ayuma," akasoma. "Damu imepita."

Flora akasimama, makofi. Watu walidhani ndivyo inavyosemwa. Mimi nilimtazama Flora, nikaona uso wake umebadilika. Alisikia lile neno, hakujua limetoka wapi. Akasomwa karani mwingine, imepita, makofi. Akasomwa Bwana Mkubwa, imepita, makofi mengi na vigelegele. Kisha akasoma jina langu lote, na la baba yangu, na kwetu ninakotoka. Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu, nimeshaanza kutabasamu, Mungu nisamehe.

"Damu imekataliwa," akasema, na sauti yake ikafa pale pale.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika kiti cha mbele. Bibi mmoja mzee, kati ya wale waliokaa chini kwenye mkeka, akauliza kwa nguvu kama waulizavyo wasiosikia vizuri: "Imekataliwa na nani? Si wanasema alitoa?" Msichana mmoja akamwinamia akamnong'oneza sikioni. Yule bibi akanigeukia akanitazama, na macho yake hayakuwa na ubaya wowote. Yalikuwa na huruma, ndiyo niliyoshindwa kuivumilia. Kwa sababu katika miaka hii yetu, Baba Mghoi, hakuna mtu mzima asiyejua damu inakataliwa kwa nini. Kila aliyekuwa na programu akaifungua nyuma. Nilisikia karatasi zinavyogeuzwa, uwanja mzima. Kwaya wakaanza wimbo bila kuambiwa.

Tulikuwa watu watatu tuliokataliwa. Wale wengine siwataji, hata kwako, inatosha walivyotajwa.

Sikuondoka. Nilijiambia nikiondoka nitakuwa nimekiri, nikikaa nitakuwa sina haya, basi nikakaa mpaka udongo ukaisha. Shitanda alinijia akanishika mikono yote miwili mbele ya watu wake, akabaki anatikisa kichwa. Mtu aliyetoka kumzika mkewe, na mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza.

Jumatatu nilikwenda kwa yule mpimaji wa chumba cha damu. Nikamuuliza, ni kweli? Akaangalia viatu vyake. "Dada, sisi haturuhusiwi kumwambia mutu," akasema. "Ni siri ya ofisi." Nilicheka, Baba Mghoi. Nilicheka mpaka mama wa chai akaja na maji. Navakholo nzima inajua, mjini wanajua, Butere wameshapelekewa habari, na mimi mwenye damu ndiye ninayefichwa kwa sababu ni siri! Miezi yote ile jibu langu lilikuwa limekaa kwenye ile mashine, ukuta mmoja tu kutoka kwenye kiti changu. Angelitaka, mama wa chai angeweza kulisoma. Aliyejizuia kusoma ni mimi peke yangu.

Yule mpimaji alipoona nacheka hivyo alinihurumia, akaniambia damu hukataliwa kwa mengi, yapo ya ini, ipo kaswende, nisijihukumu. Nikashika hayo kama mtu anayezama. Nikaomba ruhusa, nikaenda hospitali moja ya misheni mbali na hapa, nikapimwa upya. Nikangoja majibu zaidi ya wiki. Katika muda huo nilimwahidi Mungu mambo ambayo hata sitakutajia, mengine yalikuhusu wewe na ile bia yako ya Jumamosi.

Daktari alikuwa mama mtu mzima. Alinifungia mlango, akakaa upande wangu wa meza. Akasema, ipo. Ni ukimwi, mume wangu. Nimeliandika neno lenyewe ili usijidanganye kwamba umesoma vibaya. Akasema bado nina nguvu, huenda nikakaa miaka, nile vizuri, nisibebe wasiwasi. Dawa yenyewe hakuna, au ipo huko kwa matajiri. Nikamuuliza nitapata wapi mahali pa kutua huo wasiwasi, akaniandikia siku ya kurudi.

Watu wa Nairobi walikuja kuchunguza. Kabla hawajafika, Bwana Mkubwa alituita akatuambia tuseme disketi iliibwa. Alikuwa ameshaamuru majina yote yafutwe kwenye mashine, mazuri na mabaya, wagonjwa wa mwaka mzima wakapotea humo. Kwa hiyo hata zile damu zilizowaokoa watu hazijulikani tena zilitoka kwa nani. Tukaulizwa mmoja mmoja: nani alilijua neno la siri? Kila aliyeingia alisema silijui. Flora peke yake alisema, "Ni mimi nilifungua, na hakuna mwizi." Mimi nikasema tulilijua wote, nikawatajia mpaka na lilikuwa jina la nani. Flora amesimamishwa kazi. Mimi sijasimamishwa, ila hakuna anayeniita Bibi Kufuli tena, na hilo nimegundua linaniuma. Wageni wakaacha tangazo ukutani kwamba ni marufuku, wakabadilisha neno la siri wakaenda zao. Wiki iliyofuata nilipita chumba cha damu nikaliona lile jipya limeandikwa kwenye plasta ya vidonda, imebandikwa juu ya kioo. Nilisimama pale nikaitazama. Kisha nikaibandua nikaitupa chooni, na najua wameshabandika nyingine.

Flora alikuja hapa nyumbani akapiga magoti mlangoni kama mtu anayeomba radhi kwa wakwe. Nilitaka kumfungia. Nilikuwa na hasira ya kutosha kijiji. Lakini nitamlaumu kwa lipi? Alitaka kumshukuru mtu kwa niaba ya mfiwa. Nikamwambia ainuke, akaingia, akala kwenye sahani yangu na kijiko changu, kwa makusudi, na alihakikisha nimeona. Sasa huja kila jioni. Watu wengine hawaji. Mama mwenye nyumba, Mama Muhonja, ananiletea chai kwenye kikombe kilekile kimoja chenye ufa, na nguo zangu nimezikuta zimehamishiwa kamba ya peke yake. Nilipomuuliza aliona aibu. "Si ati mimi nakuogopa," akasema. "Ni hawa wapangaji wengine ndio wanasemanga." Watoto wake waliokuwa wanakuja kufanya hesabu mezani kwangu wamekatazwa. Nawasikia wakipita mlangoni kwa kunyata.

Mwandoe tulikutana sokoni. Mikono aliiweka nyuma. Akaniita shemeji, akasema amesikia, na kwamba ni haki ya ndugu yake kujua. Nikamwambia ni haki ya ndugu yake kuambiwa na mkewe. Akafikiri kidogo akasema, "Basi andika haraka, mimi mwisho wa mwezi naondoka." Angalau hiyo tarehe alinipa.

Sasa tuje kwetu sisi. Sitakuficha, nilikukasirikia. Siku mbili nzima nilikukasirikia, nikakumbuka kila Jumamosi uliyochelewa, kila mteja aliyekuja kupimwa gauni akacheka sana. Kisha nikakumbuka ile damu niliyoongezwa wakati wa Mwakio, ambayo sijui ni ya nani wala kama kuna aliyeipima. Kisha nikawaza kwamba na wewe utakaposoma haya utanikasirikia, utakumbuka kwamba mimi niko mbali, ofisini na wanaume. Mimi najijua, Baba Mghoi. Sijawahi. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu, na zaidi ya hapo sina cha kukuonyesha. Wewe sikuulizi. Nimeona nikikuuliza nitapata jibu moja kati ya mawili na yote hayatanisaidia.

Nisalimie Mama, mwambie kikohozi si cha kuchezea. Msalimie kaka yako mkubwa na shemeji yangu mkewe, na shangazi wa kule juu mlimani, na yule fundi mwanafunzi wako asiyejua kutia tundu la kifungo. Dada yako anayeimba kwaya msalimie pia, lakini huyu usimwambie lolote, tafadhali, anampenda Yesu sana na hana breki. Mghoi mbusu kwenye paji. Mwambie mama anasema asome.

Mwakio nilimnyonyesha mpaka siku niliyopanda basi kuja huku. Ulikuwa ukinisifu kwamba mwanao anashiba. Hilo sijaweza kulala nalo.

Kwa hiyo mpeleke. Nendeni wote wawili, usimtume Mama naye. Msipimwe hapo Voi, karani wa maabara anasali na dada yako. Nendeni Mombasa, mahali ambapo hakuna anayejua mlango wenu. Wakikuuliza jina, waombe wakuandike kwa namba, wewe na mtoto. Tazama kwa macho yako wanachoandika, na waulize kitabu kinakaa wapi na nani ana ufunguo. Wakisema wanataka jina, mbebe mwanao mtoke mwende kwingine. Watakuona msumbufu, waache wakuone hivyo. Majibu wayaseme kwako, mlango umefungwa.

Na ukishayapata usiyaandike kwenye barua. Barua hupita mikono mingi. Mimi niandikie neno moja tu, na mtu yeyote akilisoma njiani si kitu. Niandikie: njoo. Au: usije.

Ni mimi mkeo, mpaka utakaponiandikia,
Wakesho
Mama Mghoi